Kionyeshi cha usawa wa baketi kwenye loda ya trekta: fimbo, rangi, pimamaji au kamera?

Dereva wa trekta yenye loda ya mbele haoni makali ya baketi yake. Boneti imemkinga, mikono ya loda imemkinga, na baketi yenyewe imempa mgongo. Anachoona ni ukingo wa juu na pengine kona moja. Yaliyobaki anakisia: sakafu ya baketi imelala sawa na ardhi, imeinama mbele, au imeinuka? Ikiinama, makali yanachimba uwanja aliotumwa kuusawazisha. Ikiinuka, baketi inapanda juu ya rundo la kokoto badala ya kuingia chini yake, na anarudi na nusu ya mzigo.

Kosa lenyewe huwa dogo. Chukua baketi ambayo sakafu yake ni sentimita 60 kutoka makali hadi kisigino, yaani ukingo wake wa nyuma. Ikiinama nyuzi 5 tu, kisigino kinakuwa juu ya ardhi kwa sentimita 5 hivi. Nyuzi 2 ni sentimita 2. Kwenye rundo la mchanga hakuna atakayejua. Kwenye zizi lenye sakafu ya zege, ua wa kabro au njia ya changarawe ya kuingia kwenye ploti, kila mtu atajua, na mwenye ua atakuwa wa kwanza.

Kazi za loda hapa Nairobi na viunga vyake hazifanani. Kuna samadi ya farasi Karen na Lang'ata, silaji na mbolea kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa kuelekea Kikuyu na Limuru, kokoto na mchanga kwenye mijengo ya Ruai na Syokimau. Kwa hiyo hakuna kionyeshi kimoja, yaani kifaa cha kumwonyesha dereva usawa wa baketi, kinachowafaa wote. Ila nikilazimishwa kutaja kimoja, ni fimbo na paipu, kazi ya fundi wa jua kali. Nitaeleza kwa nini, na pia pale ambapo fimbo hiyo inakudanganya mchana kweupe.

Sawa na nini?

Swali hili huwa halijibiwi na muuzaji yeyote, nalo ndilo linaloamua kila kitu. Vionyeshi viko makundi mawili. Kundi la kwanza hupima baketi dhidi ya trekta: fimbo, alama ya rangi, na kile kinachotoka kiwandani. Kundi la pili hupima baketi dhidi ya mvuto wa dunia: pimamaji ya waashi na vipimo vya elektroniki vya mwinamo. Kwenye sakafu ya godauni pale Industrial Area makundi haya mawili hayagombani. Yanaanza kugombana ukitoka nje.

Tuseme unasawazisha njia inayopanda, mwinamo wa nyuzi 8. Trekta imeinuka nyuzi 8, ardhi iliyo mbele yake vilevile. Baketi iliyolala vizuri juu ya ardhi hiyo, fimbo itasema iko sawa, na ni kweli. Pimamaji itasema imeinuka mbele kwa nyuzi 8. Ukiitii, utashusha makali hadi povu likae katikati, na makali yataingia kwenye mlima: kwa ile baketi ya sentimita 60, kisigino kinabaki juu kwa zaidi ya sentimita 8. Ukiteremka, kosa linageuka: makali yanaelea na kisigino ndicho kinachokwaruza. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye miteremko ya Limuru, pimamaji ni mshauri mbaya.

Sasa inua mikono. Kwenye loda ya kawaida isiyo na vyuma vya kuilinda baketi isipinduke, mikono ikipanda baketi inakunjika kuelekea nyuma, kwa nyuzi zilezile ilizopanda mikono. Fimbo haijui hilo. Yenyewe inapima baketi na mkono wa loda tu, na kati ya hivyo viwili hakuna kilichobadilika, kwa hiyo bado inasema sawa. Wakati huo mawe yanaanza kuteleza juu ya mgongo wa baketi kuelekea kwenye boneti, na nyuma ya boneti kuna mtu. Trekta nyingi tulizo nazo hazina kebini, zina kivuli cha bati au hazina kitu. Hapa pimamaji ndiyo inayosema kweli.

Basi mtu atasema weka zote mbili. Mimi sioni haja. Chini ardhini, mahali ambapo dereva haoni, fimbo iko sahihi. Juu, mahali ambapo pimamaji iko sahihi, baketi imefika usawa wa macho na dereva anaiona mwenyewe kutoka ubavuni. Pimamaji inakuwa sahihi pale inapohitajika kidogo zaidi. Kilichobaki ni kumfundisha dereva kwamba baada ya mikono kupita usawa wa boneti asiitazame fimbo tena, aitazame baketi na airudishe polepole kadiri inavyopanda.

Macho na uzoefu

Tuanze na kisichogharimu kitu, maana wapo madereva ambao hawahitaji zaidi. Kuna baketi ambazo bamba lao la juu limepigwa sambamba na sakafu. Kama yako ni hivyo, una kionyeshi tayari bila kujua: ukingo wa juu ukionekana umelala, sakafu nayo imelala. Hakikisha kwanza, usiamini tu. Shusha baketi kwenye zege, weka pimamaji ya mwashi juu ya bamba, kisha kwenye sakafu ya baketi, uone kama zinakubaliana.

Dereva mzoefu pia husikia. Makali yakianza kuchimba, injini inabadilika sauti. Kisigino kikisukuma ardhi kupita kiasi, magurudumu ya mbele yanapungukiwa uzito na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Ishara hizo ni za kweli, lakini zote zinakuja baada ya kosa kutokea.

Tena wenye trekta wengi mjini si wao wanaoziendesha. Dereva wa leo akipata kazi kwingine, anaondoka na macho yake, na wa kesho anaanza kukisia upya kwenye ua wa mteja wako. Kionyeshi kinabaki na mashine. Hilo peke yake linatosha kumfanya mwenye mashine atoe pesa hata kama dereva wake anacheka.

Alama ya rangi

Mstari mmoja kwenye sikio la baketi, kile kipande cha nyuma kinachoshika pini, mwingine kwenye ncha ya mkono wa loda, karibu na pini hiyo ambayo baketi huizungukia. Mistari ikikutana, baketi iko sawa. Ni kazi ya dakika chache na kopo la rangi.

Udhaifu wake ni hesabu. Karibu na pini kitu husogea kidogo sana: kwa umbali wa sentimita 15 kutoka katikati ya pini, nyuzi 1 ni milimita 2 na nusu tu. Kutoka kitini huwezi kuona hizo. Utaona kosa likifika nyuzi 4 au 5, na kwa kazi ya mchanga na samadi hiyo inatosha. Halafu kuna tope. Kwenye udongo mwekundu wa upande wa Kiambu, rangi nyekundu hupotea siku ileile. Tumia nyeupe, au zile stika za kuakisi mwanga zinazobandikwa kwenye malori. Kwenye udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau wakati wa mvua za Machi hadi Mei hutaona rangi yoyote, kwa sababu mkono mzima wa loda utakuwa umefunikwa.

Usipake rangi kwenye shafti inayong'aa ya silinda. Naona watu wakifanya hivyo kwa kuwa ndiyo inayoonekana vizuri. Rangi ikikauka inapita kwenye sili, ule mpira unaozuia mafuta, kila shafti inapoingia, na sili ikikwaruzika, mafuta ya haidroliki yataanza kudondoka.

Fimbo na paipu

Hiki ndicho cha kukaa nacho. Fimbo ya chuma inashikwa kwenye baketi kwa upande mmoja, inateleza ndani ya kipande kifupi cha paipu kilichofungwa kwenye mkono wa loda, na ncha yake inatokeza mahali dereva anapoiona. Baketi ikiinama fimbo inasogea mbele, ikikunjwa inarudi. Alama iliyo kwenye fimbo ikifika mdomoni mwa paipu, sakafu imelala.

Ubora wake dhidi ya rangi ni umbali. Ukiishika fimbo sentimita 30 kutoka kwenye pini, kila nyuzi 1 inaisogeza milimita 5. Kutoka kitini, mita 2 au zaidi, jicho la kawaida linaona hizo milimita 5. Kwa hiyo unafanya kazi kwa uhakika wa nyuzi 1 hadi 2, yaani chini ya sentimita 2 na kitu kwenye kisigino. Fundi akikuambia ataishika karibu na pini kwa sababu ni rahisi kuchomelea hapo, mkatalie. Atakuwa amekutengenezea alama ya rangi ya bei ghali.

Chuma cha duara cha milimita 10 ndani ya paipu ya nusu inchi kinafanya kazi vizuri. Cha milimita 12 nacho kinaingia, lakini mimi nachagua cha 10 kwa sababu moja: kitapindwa. Kwenye mjengo kuna nondo zimetokeza, mbao, kamba, ukuta usiouona. Cha 10 kikipinda unakinyoosha na kazi inaendelea. Kikiwa kinene sana kitakataa kupinda, na badala yake kitang'oa mahali kiliposhikwa.

Makosa ya mafundi ni yaleyale, na yaliyo mengi ni ya kuchomelea kila kitu kikakaza. Baketi inapozunguka, pembe ya fimbo nayo inabadilika, kwa hiyo paipu lazima iweze kucheza: ishikwe kwa bolti moja yenye nati ya kujifunga, isikazwe hadi mwisho. Upande wa baketi vilevile. Ukivichomelea vyote viwili, fimbo itapinda siku ya kwanza dereva atakapomwaga mzigo. Kabla hujamlipa fundi, kunja baketi hadi mwisho, kisha imwage hadi mwisho, taratibu, mikono ikiwa chini na ikiwa juu, ukihakikisha hakuna aliyesimama karibu. Fimbo isichomoke kwenye paipu na isiguse mpira wa haidroliki.

Kwenye mikono ya loda yenyewe sipendi kuchomelea kabisa. Mikono hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote, na joto la kuchomelea mahali pasipofaa linaweza kuanzisha ufa. Kibano cha yu-bolti kinashika paipu vizuri na unaweza kukisogeza ukitaka kurekebisha. Ikiwa lazima moto utumike kwenye baketi, tenganisha betri kwanza, waya wa athi ushikwe palepale panapochomelewa ili umeme usipite kwenye pini na silinda, na shafti za silinda zifunikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa kuwa cheche moja ikitua pale itaacha kidonda kitakachokata sili. Na baketi ikae chini ardhini muda wote wa kazi. Haidroliki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini ya baketi.

Kupima mahali pa alama si kazi ya kukisia. Tafuta zege tambarare. Shusha baketi, irekebishe hadi makali na kisigino vyote viguse, pitisha karatasi pande zote mbili uone kama inakwama sawasawa. Simu yenye programu ya kupima mwinamo inasaidia hapa, alimradi uiweke kwanza kwenye zege lenyewe uone limeinama kiasi gani, ndipo uiweke kwenye sakafu ya baketi. Namba zikilingana, piga alama. Ukija kubadilisha makali yaliyoisha ukaweka mapya, au ukaweka magurudumu ya mbele ya saizi nyingine, rudia kazi hii. Pembe itakuwa imebadilika.

Kile cha kiwandani

Loda nyingi mpya, zikiwemo za John Deere na Kubota, huja na fimbo yake tayari, nyembamba, imelala kando ya silinda. Kama ipo na haijapinda, usiiguse. Imepimwa vizuri na haisumbui.

Tofauti inaanza mashine ikizeeka. Fimbo ya aina hii mara nyingi hufuata silinda, si baketi yenyewe. Kati ya silinda na baketi kuna pini na bushi, zile pete zinazozunguka pini. Bushi zikilika hadi baketi ikacheza milimita 5 kwa umbali wa sentimita 30, hiyo ni nyuzi 1 nzima ambayo fimbo haiioni. Pini mbili tatu zilizochoka, unafika nyuzi 3 bila taabu. Kwa trekta kuukuu, fimbo iliyoshikwa kwenye baketi yenyewe inasema ukweli zaidi kuliko ya kiwandani, ingawa bushi zilizokwisha dawa yake ni bushi mpya. Na ya kiwandani ikipotea, kabla hujaagiza nyingine, mpelekee fundi wa Kariobangi Light Industries au Kamukunji nyingine kama hiyo, au picha yake, akunakilie. Ni chuma kilichokunjwa, hakina siri.

Kamera, na mashine zinazojisawazisha zenyewe

Kamera za kurudi nyuma za magari zinapatikana Luthuli Avenue, na umeme wa volti 12 trekta inao. Nimeziona zikifungwa chini ya mkono wa loda. Zinaonyesha makali vizuri asubuhi, halafu vumbi la Januari linafanya kazi yake na skrini haionyeshi kitu tena, au jua la saa saba linaifanya kioo cha kujitazamia. Kwa uma za kunyanyulia paleti kamera ina maana, kwa sababu unatafuta tundu la kuingizia uma. Kwa usawa wa baketi haisaidii sana: inakuonyesha makali, haikuambii pembe. Na skrini iliyoachwa kwenye trekta usiku kucha hapa mjini, asubuhi huenda usiikute.

Mashine kama JCB 3CX na Cat 428 huwa na mfumo wa kuirudisha baketi kwenye pembe ya kuchimba yenyewe. Dereva akimaliza kumwaga anasukuma leva mara moja, na kihisi kinaisimamisha baketi mahali ilipopangwa. Ni raha kubwa kwa anayejaza malori kutwa. Lakini hiyo inakuja na mashine. Si kitu cha kwenda kufungiwa kwenye trekta ya kawaida kama Massey Ferguson 385.

Kinachofaa kufikiriwa na anayenunua loda mpya ya trekta ni ile yenye vyuma sambamba juu ya mikono, vinavyoishika baketi isikunjike inapopanda. Inagharimu zaidi, inaongeza uzito mbele, ina pini nyingi zaidi za kupaka grisi. Kwa anayebeba paleti au kumwagia vitu kwenye trela ndefu, gharama hiyo inarudi. Ila haiiondolei fimbo iliyofungwa kwenye mkono uongo wake: baketi ikibaki na pembe ileile kwa ardhi huku mkono ukipanda, pembe kati ya viwili hivyo inabadilika, kwa hiyo alama bado ni ya kuaminiwa chini ardhini tu.

Nani achukue nini

Mfugaji mwenye zizi la zege na trekta moja: fimbo, bila kufikiri mara mbili. Kazi yake karibu yote ni kukwangua chini, na ndiko fimbo inakong'aa. Akiweka mikono kwenye hali ya kuelea, yaani ifuate ardhi bila kushikiliwa na haidroliki, leva ikiwa imesukumwa mbele hadi ikashikwa, na fimbo ikaonyesha sawa, baketi itafuata sakafu yenyewe. Kuelea huku baketi imeinamishwa ni jambo jingine: kwa mwendo wa kasi, makali yakikuta kifuniko cha mtaro, kitakachopinda ni shafti za silinda.

Mwenye trekta ya kukodisha kwenye mijengo, anayejaza lori za mchanga na kokoto tu: stika nyeupe kwenye sikio la baketi inaweza kumtosha, na pesa iliyobaki aiweke kwenye bushi. Akianza kuchukua kazi za kusawazisha ua na barabara, aende kwenye fimbo. Mwenye njia za miteremko asishawishiwe na vipimo vya elektroniki hata vikiwa na taa za rangi tatu.

Anayebadilisha baketi na uma mara kwa mara ana tatizo ambalo wengine hawana. Fimbo iliyoshikwa kwenye baketi itabidi ifunguliwe kila anapobadilisha, na baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka kuirudisha. Yeye aishike kwenye fremu inayopokea vifaa, akubali kupoteza usahihi kidogo wa mchezo wa fremu na baketi. Kwa kuwa sakafu ya baketi na uma hazikai kwa pembe moja kwenye fremu ileile, apime kila kifaa peke yake kwenye zege na kupiga mstari wake kwenye fimbo: mweupe wa baketi, wa manjano wa uma. Dereva aonyeshwe mistari hiyo miwili kabla hajakabidhiwa ufunguo.